Herufi Moja Katikati ya Jina

Leo jioni mama aliniita kutoka mlango wa jikoni, na aliniita vizuri kabisa, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma rejista. Hiyo ndiyo shida yangu. Ndiyo maana nimeketi hapa na daftari badala ya kusoma vitabu vya mtihani, na mtihani hautaningoja.

Jina lenyewe sitaliandika. Daftari huwa zinapotea, na sitaki jina langu liokotwe njiani na mtu nisiyemjua. Inatosha ujue hivi: ni jina la ubatizo, lile la Kizungu, na katikati yake kuna herufi moja. Kanisa linasema hiyo herufi ni L. Serikali inasema ni R. Wote wawili wako na karatasi ya kuonyesha.

Mimi si mtu wa kuzunguka na hadithi, lakini hii lazima nianze nayo mbali kidogo.

Nilikua kwa laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, za shamba moja la kahawa, nje ya Ruiru. Msimu wa kahawa ukifika, harufu ya maganda yaliyochacha kule kwa mashini ya kumenya kahawa iliingia mpaka ndani ya blanketi. Wageni walikuwa wanaziba pua. Mimi mpaka leo nikisikia harufu ya kitu kimechacha, hata kama ni uji wa jana, nasikia njaa na nasikia kama nimefika nyumbani.

Mama alikuwa anachuma kahawa mistari ya juu. Sisi watoto tulicheza huku chini karibu na mfereji. Akinitaka, hakuja kunitafuta. Alisimama tu, kikapu kiunoni, akaita. Na vile alivyoita, katikati ya jina kulikuwa na R. Haikuwa R ya kuviringishwa. Ilikuwa fupi, inagonga mara moja, kama mtu anayebisha mlango na anajua wewe uko ndani. Kwa hiyo R nilijua kila kitu. Ikigonga polepole, uji uko tayari. Ikigonga kwa nguvu, kuna kitu nimevunja na amekipata. Shamba zima walijua hiyo sauti. Nyapara mwenyewe, akinikuta nimechelewa kwa mfereji, alikuwa ananiambia, "Wewe, umebishiwa hodi huko juu."

Siku ya kwanza ya shule mama alinipeleka mwenyewe, amefunga kitambaa kipya kichwani. Mwalimu aliyeandikisha watoto aliketi nje na meza. Akauliza jina, mama akasema, yeye akaandika. Alikuwa mtu wa kwetu, na sikio lake lilikuwa sawa na la mama, kwa sababu sisi katika Kikuyu hatuna L. Tuko na R peke yake, na inatutosha. Kwa hiyo hakuna mtu alikosea siku hiyo. Watu wawili walielewana vizuri sana, na kosa likaandikwa kwa wino.

Niliishi na hiyo R miaka sita bila kujua kama nina ugonjwa.

Halafu nikiwa darasa la sita akaja mwalimu mpya, ametoka chuo, viatu vyake vinalia. Tulimwita Mwalimu Ulimi, kwa sababu hakuna dakika ilipita bila yeye kusema, "Ulimi! Ulimi wako uko wapi?" Alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Alikipitisha dawati kwa dawati, kila mtu ajitazame ndani ya mdomo. L, ulimi unalala nyuma ya meno. R, ulimi unaruka. Kisha tulisimama mmoja mmoja tukasema sentensi aliyoitunga yeye mwenyewe: Lori la Ruiru limelala relini.

Kulikuwa na kijana mmoja mkubwa, mtoto wa fundi wa mashini, alisimama akavuta pumzi akasema, "Roli ra Luilu rimerara lelini."

Tulicheka mpaka wengine wakaanguka kwa dawati. Mwalimu Ulimi hakucheka. Alisema, "Lori umeliua. Ruiru umeihamisha. Na reli sasa sijui iko wapi. Keti, kabla treni haijatugonga."

Mimi niliipata hiyo L kabla ya wiki kuisha. Sijui ni kwa nini. Labda kwa sababu sipendi kushindwa, na sipendi kungoja. Nilienda njia nzima ya kurudi nyumbani nikisema Kalimoni, Kalimoni, Kalimoni, kwa sababu ndiko nilikobatizwa, na ni neno lenye L nzuri katikati. Ng'ombe walinitazama. Nilijiona kama nimefunguliwa mlango ambao wengine hata hawajui kama kuna nyumba.

Mwaka wa mtihani, mwalimu akataka kadi za ubatizo ahakikishe miaka yetu. Akaangalia yangu, akaangalia rejista, akaangalia uso wangu.

"Hii kadi ni ya dada yako?"

"Ni yangu, mwalimu."

"Padre ameandika L. Wewe kwa rejista ni R. Sasa wewe ni nani?"

Darasa likacheka. Nilirudi nyumbani nimewaka. Mama alikuwa anaosha miguu nje ya mlango. Sikumsalimu hata. Nilimwambia, "Maitu, tangu nizaliwe unaniita jina ambalo si langu."

Maitu ndivyo tunaita mama. Mama yangu akatoa mguu kwa karai, akaufuta polepole na kitambaa.

"Na mbona ulikuwa unakuja?" akauliza.

Mimi nikibanwa huwa naongeza sauti. Nikamweleza habari ya ulimi na meno. Akasikiliza. Akasema padre alikuwa Mzungu, aliandika na mdomo wake, na yeye aliita na mdomo wake, na mtoto ni mmoja. Niliona huo ni ujinga. Neno hilo sikulisema, lakini nilitazama kando vile mtu anatazama akilifikiria, na mama si kipofu.

Tangu siku hiyo nikaandika L kwa kila daftari. Nikaanza kurekebisha watu. Jirani akisema "mwarimu", mimi nasema "mwalimu". Akisema "barua", nampa alama. Jirani huyo alikuwa mama mwenye mdomo, akamwambia mama yangu juu ya ua, mimi nikisikia, "Huyu wako akiendelea hivi, tutaanza kulipa kodi ya kuongea."

Mama alicheka. Lakini niligundua baada ya hapo kwamba nikiwa karibu anaongea kidogo.

Rejista haikubadilishwa. Mwalimu Ulimi alisema ataandika barua, halafu akahamishwa, na majina ya mtihani yakatumwa Nairobi vile yalivyokuwa. Nikafaulu. Katika wasichana wa shule yetu nilifaulu peke yangu, kwa sababu katika hilo darasa wasichana tulikuwa wawili na mwenzangu alikuwa ameshaolewa. Ikaja barua ya shule ya sekondari ya wasichana, nafasi yangu iko. Nilete kadi ya ubatizo na karatasi ya mtihani. Majina yawe sawa. Yasipokuwa sawa, mzazi aende ofisi ya elimu Thika, atamke mbele ya karani jina la mtoto wake, na karani apige muhuri. Mwisho ni Ijumaa. Baada ya Ijumaa nafasi inapewa msichana mwingine.

Mzazi alikuwa ni mama peke yake. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na baba alikuwa amepakiwa kwa lori mwaka mmoja kabla ya hapo. Alikuwa kambini, walikofungiwa Wakikuyu wengi wakati huo. Barua zake zilitufikia na mistari mingine imefutwa kwa wino mweusi, na sisi tulisoma ile iliyobaki mara nyingi.

Kwa hiyo nikamfundisha mama. Tulikuwa na siku nne, na mimi nilikuwa mwalimu mbaya kuliko walimu wote niliowahi kukutana nao.

Nilimfundisha kwa mistari ya kahawa, yeye akichuma na mimi nikichuma kando yake. Hatukuwa na kioo, kwa hiyo nilichukua kifuniko cha sufuria, nikakisugua na majivu mpaka kikang'aa.

"Sema Kalimoni."

"Karimoni."

"Ulimi nyuma ya meno, Maitu. Laza ulimi."

"Nimeulaza."

"Haujalala, umekaa! Sema la, la, la."

"Ra. Ra. Da."

"Da imetoka wapi?"

"Si uliniambia nisiseme ra?"

Wanawake wa mstari wa pili wakaanza na wao. Shamba zima likawa linasema la, la, da, na buni zinaanguka nje ya vikapu. Nyapara akapita akauliza kama tumeanzisha kanisa. Wote walicheka isipokuwa mimi. Nilikuwa nahesabu siku. Siku ya tatu niliweka kikapu chini nikamwambia, "Unaniharibia maisha kwa herufi moja!"

Mama hakuacha kuchuma. Mikono yake ilienda vile inavyoenda, inachagua nyekundu na kuacha kijani bila kutazama.

"Nilikuzaa bila hiyo herufi," akasema, "na ulitoka mzima."

Lakini asubuhi ya Ijumaa nilimkuta jikoni, kabla moto haujashika vizuri, ameinama juu ya kile kifuniko, mdomo wazi, anatafuta ulimi wake. Nikarudi nyuma asinione. Katika vitu vyote vya wakati ule, hicho ndicho ninachokiona nikifunga macho. Wakati ule niliona tu kwamba tumechelewa.

Tulikuwa na barua ya ruhusa kutoka shambani, kwa sababu bila ruhusa hakuna mahali ulienda. Stesheni ya Ruiru askari aliisoma akiwa ameishika juu chini, akauliza, "Wapi?"

"Dhika," mama akajibu.

Hivyo ndivyo sisi tunaita huo mji. Wazungu wanaandika Thika, na herufi zao ni zao, lakini mdomoni mwa mtu wa huku inatoka kama mwanzo wa dhahabu. Askari akaturudishia barua. Kwa treni mama aliketi karibu na dirisha, midomo inacheza bila sauti. Nilijua anasema nini. Lori la Ruiru limelala relini. Juja ikapita, mkonge ukapita, mistari mirefu ya majani kama visu, na mama hakutazama nje hata mara moja.

Ofisini tuliketi kwa benchi kutoka asubuhi mpaka jua likawa juu ya mabati. Mama alikuwa na viazi vitamu kwa kitambaa, lakini alikataa kula. Alisema ulimi ukishiba utalala vibaya.

Karani alikuwa mtu wa Pwani, mwembamba, tai imekazwa vizuri, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo sasa. Ukutani nyuma yake kulikuwa na karatasi: hapa ni Kiswahili au Kiingereza tu. Siku hizo Wakikuyu wawili wakinong'onezana kwa lugha yao mbele ya afisa, ilikuwa kesi.

"Haya mama, watoka wapi?"

Mama akasimama wima. Akaweka ulimi mahali nilipomfundisha. Niliuona ukipanda.

"Natoka Luilu," akasema.

Karani akainua kichwa. "Luilu ndiyo wapi, mama?"

"Hapo chini tu. Luilu."

"Na binti alibatizwa wapi?"

"Karimoni."

Karani akaweka kalamu chini. Alijaribu kujizuia, masikini, lakini akacheka. "Mama, herufi zako zimebadilishana nyumba!"

Na hapo nikafanya kitu changu. Nilisimama, nikasema kwa Kiswahili safi, kwa sauti, ili huyu mtu wa Pwani asikie kwamba mimi si kama huyu, "Ruiru, mama! Si Luilu. Na ni Ka-li-mo-ni. Nimekwambia mara ngapi?"

Nilimwita mama, kwa Kiswahili. Sikumwita Maitu.

Mama aliketi. Akashika kile kitambaa cha viazi kwa mikono miwili na akatazama sakafu.

Karani akanitazama. "Ala, kumbe tuna msomi hapa," akasema. Akageukia Kiingereza, labda kunijaribu, na akanieleza kwa Kiingereza habari yote. Mzazi akitamka L, maana yake karatasi ya mtihani ndiyo imekosea. Itabidi irudi Nairobi, na ikirudi huku ni baada ya miezi, na shule haitangoja. Mzazi akitamka R, maana yake kadi ya kanisa ndiyo imekosea, na hiyo yeye anaweza kuiandikia barua hapo hapo na kupiga muhuri. Akauliza kama nimeelewa.

Nilielewa. Siku nne nilikuwa namfundisha mama kunifungia mlango.

"Naweza kumwambia?" nikauliza.

"Hapana. Sheria ni mzazi atamke mwenyewe. Wewe msomi nyamaza." Akachovya kalamu. "Haya mama. Mtoto huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Sema jina lake. Polepole. Nitaandika utakavyosema."

Mama alisimama tena. Hakunitazama. Akafunga macho, na akasema jina langu. Na L ikatoka. Safi, laini, imelala nyuma ya meno kama mtoto kwa kitanda. Mwalimu Ulimi mwenyewe angepiga makofi. Ilikuwa L ya kwanza ya mama yangu duniani, na ilikuwa inaniua.

"L," karani akasema, na kalamu ikaanza kushuka.

"Ngoja!" Sijui kama nilipiga kelele au nilisema tu. "Maitu, si hivyo! Sema vile unaniitanga nyumbani!"

"Kijana wa kike," karani akasema, lakini kalamu ilisimama hewani.

Mama alinigeukia. Alijibu kwa Kiswahili, kwa sababu ya ile karatasi ya ukutani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni na kwa nyapara, lakini siku hiyo kilitosha.

"Ile ya nyumbani ulisema ni mbaya."

"Si mbaya."

"Ulisema inakuharibia maisha."

"Nilikosea, Maitu."

"Hapa mbele ya huyu mtu ulisema mara ngapi umeniambia. Sasa mimi nauliza wewe. Nisemeje?"

Nilikuwa nalia sasa. Watu wa benchi walikuwa wanatutazama. Nikasema, "Sema vile ulikuwa unasema mimi nikiwa kwa mfereji."

Mama hakusema jina. Alimgeukia karani.

"Na wewe, mtoto wa watu," akasema, "huu mji unaitwa nini?"

Karani akashangaa. "Thika, mama." Aliitoa kama mwanzo wa thelathini.

"Si hivyo. Ni Dhika."

"Thi..."

"Dhika. Umekaa hapa siku ngapi?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Miaka tatu unaita mji wa watu vibaya. Kuna mtu amekucheka?"

Mzee mmoja kwa benchi akasema "Ĩĩ!", ndiyo ya Kikuyu, halafu akajifanya anakohoa. Karani alitazama kalamu yake. Mdomo wake ulijaribu kimyakimya, nikaona. Kisha akasema, polepole, "Hapana, mama. Hamna aliyenicheka."

"Basi andika vile mimi nasema. Mimi ndiye nilimzaa."

Na akaniita. Hakunitaja tu, aliniita, kichwa juu, kama ameshika kikapu na mimi niko chini kwa mfereji na uji uko tayari. R ikagonga mara moja. Nadhani walisikia mpaka barabarani. Karani akaandika, akapiga muhuri, na muhuri ule ndio ulinipeleka shule.

Alipotupa karatasi alimwambia mama, "Safari njema mpaka Ruiru," na mama akamwambia, "Kaa vizuri hapa Dhika," na wote wawili walitabasamu. Mimi nilikuwa kama mzigo kati yao.

Kwa treni tulikula vile viazi. Vilikuwa baridi. Nilitaka kusema kitu na kila kitu nilichopata kilikuwa kimechelewa. Kesho yake asubuhi mama alinituma maji, na aliponiita, alisema L.

Nilifikiri ni hasira, itapita. Haikupita. Nilifunga sanduku nikaenda shule, nikarudi likizo, ilikuwa bado L. Baba alirudi kutoka kambini amekonda, na yeye alinikuta na L kinywani mwa mama na akashangaa, lakini baba siku hizo hakuwa mtu wa kuuliza. Shamba letu likawa kimya bila ile hodi. Au labda mimi ndiye nilikuwa kimya.

Kule shule kulitokea kitu cha ajabu. Mwalimu wa Kizungu, wa kwanza kusoma rejista yetu, alifika kwa jina langu akasimama. Alisoma R vile ilivyoandikwa. Akarudia. Alikuwa hajawahi kuona jina hilo likiandikwa hivyo, ingawa nina hakika kwao kuna wanawake wengi wanaitwa hivyo kwa L. Akaniuliza kama ni jina la Kikuyu.

Nikasema ndiyo. Na sikuona kama nimedanganya.

Miaka hii karibu minne nimefundishwa mambo mengi. Ninajua jinsi damu inavyozunguka na jinsi mto unavyokata bonde. Ninaandika Kiingereza ambacho mwalimu anakisoma mbele ya darasa. Wasichana wanaotoka kila upande wa nchi wananijua kwa jina lile la R, na nimelizoea kama mtu anavyozoea koti. Lakini kwao linatoka kwa karatasi. Linasomwa. Hakuna anayebisha hodi nalo.

Basi leo, baada ya kuniita vizuri hivyo, niliingia jikoni nikamwuliza. Alikuwa anachagua maharagwe kwa ungo.

"Maitu, mbona huniiti kama zamani?"

Akaendelea kuchagua, mawe huku, maharagwe huku. "Zamani vipi?"

"Na ile herufi yako."

"Ile niliiacha kwa ofisi," akasema. "Si walipiga muhuri? Kitu kikipigwa muhuri ni cha serikali. Wewe ulikuwa unataka hii nyingine, nikaitafuta siku nne, nikaipata. Sasa unataka nirudishe?"

Nilisema nilikuwa mtoto.

"Ulikuwa mtoto," akakubali.

"Nilikuaibisha mbele ya watu."

"Uliniaibisha." Akapuliza maganda kwa ungo. "Halafu ukalia. Nikaona uko sawa, unaweza kwenda."

"Kwa hivyo hukukasirika?"

"Nilikasirika sana. Lakini nilikuwa nimeipata, nikasema siwezi kuitupa. Wewe ulienda ukasoma vitabu. Mimi nilisoma hiyo moja." Akaitamka peke yake, L, ndefu, ulimi wake nauona nyuma ya meno. Alifurahi. Alinitazama kama mtu anayengoja alama.

Nilimwambia ni nzuri sana. Nilisema kweli. Na ndiyo sababu sikuweza kumwomba aiache, nikaja hapa kuandika, na nitazima taa nikiwa na uchungu moyoni ambao sina wa kumlaumu.

Hayo niliyaandika jana. Asubuhi hii nilikuwa kwa mfereji nafua yunifomu. Sabuni mpaka kwa kiwiko. Mama alikuwa ameanika yale maharagwe kwa gunia mbele ya nyumba, akaingia ndani kidogo, na kuku wa jirani wakapita chini ya ua, wote, na jogoo wao. Nilisikia mlango ukigonga ukuta. Nikasikia kitu kikirushwa, nadhani kiatu. Halafu mama akapiga kelele, hana wakati wa kutafuta ulimi, hana wakati wa meno wala kifuniko cha sufuria:

"Kuku! Kuku wanamaliza maharagwe! Wee!" Na jina langu.

R. Imegonga mara moja, kwa nguvu.

Niliacha yunifomu ikaenda na maji. Nilipanda ile njia ya mfereji nikikimbia na sabuni mikononi, nikipiga kelele kwa kuku, na nilipofika juu mama alikuwa amesimama katikati ya manyoya, kiatu kimoja mguuni, ana hasira.

"Mbona unacheka?" akaniuliza. "Unaona kuna kitu ya kucheka hapa?"

Nikasema hapana, Maitu, na nikapiga magoti kuokota maharagwe.